Mfumo unajua deni lako la karo, lakini alama zako bado ziko kwa faili

Kuna kijana wa Oruba, hapa Suna, ambaye alijua ana deni la karo la Sh1,200 kabla hajatoka kitandani. Alifungua potali ya chuo kwa simu, akaliona limeandikwa kwa rangi nyekundu, akalilipa kwa M-Pesa. Ujumbe ukaingia. Alipofungua ukurasa tena, deni lilikuwa limeondoka. Shughuli nzima haikumaliza dakika tano, na hakuna mtu aliyemwambia arudi kesho.

Sasa mwulize kuhusu alama yake ya somo moja la mwaka wa pili. Alifanya CAT zote mbili, akaketi mtihani, akatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria. Potali hiyohiyo, yenye kumbukumbu kali hivyo ya shilingi, kwenye somo hilo inaonyesha kistari tu. Kijana yuko mwaka wa nne. Ameenda ofisini mara sita. Mara ya kwanza karani, mama mpole wa watu, alimwambia: “Nyathina, hiyo haiko kwa sistimu. Nenda umwone Daktari mwenyewe.” Daktari alikuwa mwalimu wa muda na alikuwa ameshaacha kufundisha hapo. Mara ya pili mwenyekiti wa idara alifungua kabati, akatoa faili, akapekua, akasema atampigia Daktari simu. Mara ya tatu mwenyekiti alikuwa mkutanoni. Hizo nyingine tuziache.

Chuo chake hatukitaji. Si kwa uoga. Ni kwa sababu makomredi wengi wakisoma hapa watadhani tunasimulia habari zao, na hawatakuwa wamekosea sana. Alama zilizopotea ni ugonjwa wa zamani wa vyuo vikuu vya Kenya, na umeendelea kuwepo hata baada ya vyuo hivyo kununua mifumo ya kompyuta iliyotakiwa kuutibu. Ndilo jambo tunalotaka kulizungumzia leo: mashine zimeletwa, paswodi zimegawanywa, semina zimefanywa, lakini wafanyakazi wengi wa vyuo hawajaukubali mfumo. Wanaugusa tu wanapolazimishwa. Na anayelipia ni mwanafunzi.

Mtu wa Suna ana sababu ya kulijali hili. Kwa muda mrefu, kijana wa mji wa Migori aliyepata nafasi ya chuo alifunga sanduku akapanda basi la usiku kwenda mbali. Leo barabara ni fupi. Chuo Kikuu cha Rongo kiko kaunti hiihii, unapita Awendo na mashamba ya miwa na umefika. Kilianza mwaka 2011 kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi na kikapata hati yake mwaka 2016. Homa Bay kuna Tom Mboya, kilichoanza chini ya Maseno. Kisii nako si mbali. Vyuo vya ukanda huu ni vichanga. Vilizaliwa wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimeshatua Mombasa, mwaka 2009. Kama kuna vyuo ambavyo havikupaswa kurithi kabati la mafaili, basi ni vya rika hili.

Tukianza kutafuta mkosaji, sisi vijana huwa na jibu la haraka: wazee wanaogopa kompyuta. Tunalirudia kwenye vikundi vya WhatsApp na kucheka. Jibu hilo ni tamu, ila si kweli.

Mtazame huyo mzee unayemcheka. M-Pesa ilikuja Machi 2007, na mwalimu huyo aliijua wewe ukiwa bado unajifunza kusoma saa. Kila mwaka kabla ya Juni 30 anajaza ushuru wake kwenye iTax, na iTax si tovuti ya mchezo. Mkopo wa sacco anauomba kwa simu. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, wahadhiri ambao hawakuwa wamewahi kufundisha kwa skrini walijikuta kwenye Zoom na Google Meet, wengine wakiwa sebuleni na mtoto analia nyuma, na masomo yakaendelea kwa namna yake. Mtu wa namna hiyo haogopi kompyuta. Anaikataa hii moja, na ana sababu.

Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani anayeitwa Fred Davis alichapisha utafiti uliokuja kuwa kama msahafu kwa wanaochunguza mambo haya. Aliwauliza watu 152 kuhusu programu 4 za kompyuta, akitaka kujua kwa nini mtu huitumia programu fulani na kuiacha nyingine. Alipata mambo mawili: mtu hupima kama kitu kitamsaidia kazini, na hupima kama ni rahisi kukitumia. Lakini mizani hiyo haikuwa sawa. Lililokuwa na uzito zaidi ni faida. Kitu kikiwa kigumu lakini kinanifaa, nitajikaza nikijue. Kikiwa rahisi lakini hakinifai, nitakiacha. M-Pesa ilifaulu mtihani huo siku ya kwanza, maana pesa zilimfikia mama Muhuru Bay bila dereva wa matatu kubeba bahasha.

Sasa jiulize: mfumo wa alama unampa nini mhadhiri?

Tufuate kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuiona. Mhadhiri ana darasa la somo la lazima, tuseme watu 400. Anasahihisha karatasi 400 kwa mkono. Alama anaziandika juu ya karatasi, kisha kwenye orodha aliyopewa na idara. Halafu anazichapa kwenye Excel, anajumlisha thelathini za CAT na sabini za mtihani. Anapiga chapa nakala, anatia sahihi, anazipeleka kwenye kikao cha idara. Idara ikimaliza zinaenda kitivo, kuna mtahini wa nje, na mwisho Seneti. Hiyo ndiyo njia ya karatasi, na imekuwepo tangu zamani.

Kisha ndipo mfumo unapoingia. Haukuja kuondoa hatua hata moja kati ya hizo. Ulikuja kuongeza moja. Mhadhiri anaambiwa: baada ya yote hayo, ingia kwenye sistimu uzijaze tena, kisanduku kwa kisanduku. Anafungua laptopu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, usiku. Ukanda huu wa ziwa ni wa radi na mvua. Stima ikipotea au netiweki ikikatika akiwa kwa jina la 213, anarudi mwanzo. Akimaliza, mkuu wa idara anampigia: “Daktari, nimeona umeingiza, lakini lete pia nakala tatu zilizotiwa sahihi.”

Ukimfanyia mtu hivyo misimu miwili, wa tatu atafanya nini? Atapeleka karatasi, maana karatasi ndiyo inayoulizwa kikaoni. Mfumo atauacha hadi msajili aandike barua ya vitisho, na akijaza atajaza haraka haraka, namba ya usajili ya huyu kwa alama ya yule. Hivyo ndivyo kistari cha kijana wa Oruba huzaliwa. Mara nyingi hakuna jambazi. Kuna mtu aliyefanya kazi moja mara tatu akachoka kabla ya mara ya nne.

Linganisha na upande wa karo. Zamani ulipanga foleni benki, ukapeleka risiti ya benki ofisi ya fedha, ukapanga foleni tena, karani akakuandikia stakabadhi kwa kalamu. Ulipoteza karatasi, umepoteza muhula. Leo foleni hiyo imekufa, na hatukumbuki kusikia makarani wa fedha wakiandamana kuitaka irudi. Mbona wao waliukubali? Kwa sababu malipo yanaingia yenyewe kutoka benki na M-Pesa. Hakuna anayeketi kuyachapa upya. Na kwa sababu siku moja chuo kilisema karatasi za benki hazipokewi tena, kikamaanisha. Karatasi ilipoacha kuwa ukweli, mfumo ukawa ukweli. Kwenye alama karatasi haijawahi kustaafishwa. Mfumo ni kivuli chake tu, na hakuna mtu anayejisumbua kupiga pasi kivuli.

Kuna sababu nyingine isiyo ya kiungwana, ila lazima isemwe: chuo kilikuwa na haraka na pesa kwa sababu pesa ni zake. Alama ni zako.

Hapo tumezungumza kana kwamba wahadhiri wote wameajiriwa na wanalipwa. Hawajaajiriwa wote. Vyuo vyetu vya umma vinategemea sana walimu wa muda, wale wanaofundisha Jumatatu mji huu na Alhamisi mji ule, wanaolipwa kwa somo. Kulipwa kwenyewe ni hadithi. Madeni ya walimu wa muda yamekuwa habari ya kawaida kwenye magazeti kwa miaka, na wengine wao hawafichi: hawatoi alama mpaka waone pesa. Ukimwendea mwalimu kama huyo na semina ya umuhimu wa teknolojia, unamtukana. Yeye anajua kutumia mfumo. Anajua pia kwamba siku atakayobonyeza kitufe cha kutuma, chuo hakitakuwa na sababu tena ya kupokea simu yake.

Hata walioajiriwa si kwamba wana raha. Septemba 17, 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waliweka chaki chini wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wa miaka iliyopita, na hawakurudi darasani hadi Novemba 5. Siku 49. Wafanyakazi waliorudi baada ya mapambano hayo ndio wanaoambiwa waupende mfumo ambao hawakuulizwa ukinunuliwa.

Tunaelewa, lakini hatukubaliani. Mwanafunzi si mdaiwa wa mwalimu. Alilipa, au mzazi wake aliuza tumbaku Suna Magharibi, au dhahabu kidogo ya Nyatike, au omena, akalipa. Kumzuilia alama ni kumkamata jirani kwa deni la mtu mwingine. Bila alama hiyo moja jina lake halisomwi siku ya mahafali. Bila kufuzu hana cheti, bila cheti hawezi kujisajili na TSC wala kujaza fomu ya kazi yoyote ya maana. Wenzake wanaanza kupata nafasi za mafunzo ya kazi, yeye anapanda matatu kwenda kutafuta faili. Kama anatoka Muhuru Bay, hiyo si safari ya saa moja, na akikuta mlango umefungwa lazima atafute mahali pa kulala.

Halafu kuna kundi la mwisho, dogo tunatumaini, ambalo halichukii mfumo kwa sababu ya kazi maradufu wala mshahara. Linauchukia kwa sababu mfumo mzuri unakumbuka. Unaandika nani aliingia, saa ngapi, alama ilikuwa ngapi, akaibadilisha kuwa ngapi. Kwenye faili la kabatini, 38 inaweza kugeuka 58 kwa mpigo mmoja wa kalamu na hakuna atakayejua. Mwenye kalamu hiyo ana biashara. Na biashara yenyewe si ya pesa tu. Wasichana wanaosoma hapa wanajua tunasema nini: mwalimu anayekwambia alama yako “ina shida kidogo, pitia ofisini jioni” anaweza kusema hivyo kwa sababu alama ipo mahali pamoja tu duniani, kwenye droo yake. Siku itakapoingia kwenye mfumo ndani ya wiki mbili baada ya mtihani, na isiweze kuguswa bila watu wawili kuidhinisha, droo hiyo itakuwa na kalamu na stepla tu. Kwa kundi hili hatuna huruma. Lisihesabiwe pamoja na mwalimu aliyechoka.

Sasa upande wa pili, maana tukisifu mashine bila breki tutakuwa tumewadanganya.

Wafanyakazi wanaosema mfumo hauna utu wana hoja. Yule mama karani wa zamani alikuwa na kasoro zake, chai ndefu na “rudi kesho” nyingi, ila alikuwa anakujua. Alijua baba yako ana miwa Awendo na kiwanda hakijalipa. Angekuandikia kikaratasi ukafanya mtihani, deni likalipwa mwezi uliofuata. Potali haijui miwa. Inajua salio tu, na salio likipita kiwango, kadi ya mtihani haitoki, hata kama mtihani ni saa mbili asubuhi na unadaiwa Sh600. Ukienda kwa karani leo, anakuonea huruma kwa dhati, anageuza skrini uione mwenyewe: “Hata mimi siwezi, sistimu imekataa.” Na ni kweli. Wamemwondolea uwezo wa kusaidia, wakamwachia kazi ya kutukanwa.

Walioingia chuo mwaka 2023 na 2024 wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Mfumo mpya wa ufadhili uliwapanga kwenye makundi ya uhitaji kwa maelezo waliyojaza mtandaoni. Watoto wa nyumba za mabati wakajikuta wamewekwa na wenye uwezo. Mashine ilikuwa imejumlisha ilivyoambiwa ijumlishe. Kilichokosekana ni mtu wa karibu, mwenye jina na mlango, ambaye ungemwambia “hapa mmekosea” akairekebisha wiki hiyo. Rufaa nayo ilikuwa ya mtandaoni.

Kwa hiyo tunapovitaka vyuo viende kwenye mfumo, hatutaki viwaondoe watu mbele yake. Karani awe na kitufe cha huruma: uwezo wa kuruhusu mtihani mmoja, kwa sababu iliyoandikwa, jina lake likabaki kwenye kumbukumbu. Hilo linawezekana. Ni suala la kuagiza programu ijengwe hivyo, na kabla ya kuagiza, kumwuliza karani. Tatizo ni kwamba wanaoulizwa ni wakubwa, na mafunzo yakija yanafanyiwa hotelini Naivasha, siku tatu, kwa watu ambao hawatawahi kujaza alama hata moja. Mama wa kaunta na mhadhiri wa muda wanaachiwa kitabu cha maelezo cha kurasa nyingi na namba ya kijana wa ICT ambayo haishikwi.

Tunayotaka ni haya, na hayahitaji mabilioni. Chuo kitangaze tarehe ambayo baada yake kikao cha idara hakitapokea alama kwa karatasi. Zisomwe kutoka kwenye mfumo, ukutani, wote wakiona. Siku hiyo mhadhiri atakuwa amepunguziwa kazi badala ya kuongezewa, na utashangaa jinsi ugumu wa kompyuta utakavyoisha. Aruhusiwe kupakia lile faili lake la Excel lote kwa mara moja, maana analo tayari. Mwalimu wa muda alipwe wakati alama zinapokamilika, na mfumo huohuo uonyeshe malipo yake yamefika wapi, kama unavyoonyesha deni lako wewe. Mtu akiweza kuona hundi yake kwenye potali ataifungua kila asubuhi bila kusukumwa.

Na ile tabia ya kutuma orodha nzima ya alama kwenye kikundi cha WhatsApp, majina na namba za usajili mchana kweupe, ikome. Tunajua mwalimu huifanya kwa nia njema, mfumo ukiwa umekataa. Lakini Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na ofisi inayoisimamia si ya mapambo: mwaka 2023 ilipiga shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini. Alama yako ni data yako pia.

Na wewe komredi? Kulalamika kwenye kikundi hakujawahi kurudisha alama. Fungua potali mwisho wa kila muhula, usingoje mwaka wa nne, upige picha ya skrini ikiwa na tarehe. Weka karatasi zako za CAT zilizosahihishwa. Hizo ndizo ushahidi wako pekee kuwa ulikuwepo. Ukiona kistari, acha kwenda ofisini mikono mitupu. Ziara haiachi alama, na karani hawezi kukumbuka nyuso mia mbili. Andika barua au imeili kwa mwenyekiti wa idara, nakala kwa msajili wa masomo: somo, muhula, tarehe ya mtihani, na unachotaka.

Na ujue unaandika ukiwa na sheria mgongoni. Chuo cha umma ni taasisi ya umma. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa taasisi siku 21 kujibu ombi lako. Wakinyamaza, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ibara ya 47 nayo inasema huduma ya ofisi ya umma iwe ya haraka na ya haki. Na ile sheria ya data inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe. Alama isiyo yako kwenye jina lako ni taarifa isiyo sahihi, hata kama ni kubwa kuliko uliyostahili. Hapo ndipo wengi wetu huanza kukohoa.

Barua ya namna hiyo inamsaidia hata mfanyakazi mwenyewe. Mwenyekiti wa idara anayejua kila kistari kitamletea barua yenye tarehe ya mwisho ana sababu mpya ya kupenda mfumo usiokuwa na vistari. Davis angeiita faida.

Kijana wa Oruba ameandika yake. Aliichapa kwenye saiba moja mjini Migori, karibu na stendi, akaambatisha picha ya skrini na karatasi ya CAT ya pili. Ya kwanza aliitumia kuwashia jiko zamani. Aliituma kwa imeili Jumatatu, na kwa kuwa hawaamini watu wa imeili, akapeleka nakala kwa mkono na kuomba igongwe muhuri. Mama karani aliisoma yote akiwa amesimama. Akauliza hizo siku 21 zinahesabiwa kuanzia lini. Kijana akamwambia kuanzia leo, mama. Akagonga muhuri, akaandika tarehe, kisha akafungua droo na kutoa daftari alikoandika jina la Daktari na namba yake mpya ya simu.